Jalada Liulize Swali: Mwongozo kwa Watunzi wa Michezo ya Mafumbo wa Mbulu na Hanang

Ukitengeneza mchezo wa mafumbo ukiwa Katesh, Haydom, Dongobesh au Mbulu mjini, jalada lake ndilo litakaloonwa na watu wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi yako. Wengi watakaolipita hawatasoma maelezo, hawatafungua video, wala hawatafika kwenye fumbo la kwanza. Tena hawataliona likiwa kubwa kama unavyoliona wewe unapolichora. Kwenye orodha ya matokeo ya utafutaji ya Steam, jalada huonekana kwa upana wa pikseli 120 na kimo cha pikseli 45. Google Play hukutaka upeleke aikoni ya pikseli 512 kwa 512, lakini ikishafika kwenye simu ya mnunuzi, ncha ya kidole gumba inatosha kuifunika. Kushoto kwako kuna mchezo wa kampuni yenye idara nzima ya wachoraji, na kulia vivyo hivyo. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba nafasi hiyo finyu inaweza kufanya vizuri kazi moja tu, nayo ni kumwonyesha mtazamaji swali ambalo mchezo wako unauliza. Mahali mchezo ulikotoka, hadithi yake na ustadi wa rangi zake vyote vikae nyuma ya swali hilo.

Mafumbo yanahitaji kanuni hii kuliko aina nyingine za michezo kwa sababu raha yake haionekani. Mchezo wa mbio huonyesha gari likikata kona, mchezo wa soka huonyesha mguu na mpira, na mtazamaji anajua papo hapo atafanya nini. Kwenye mafumbo tendo lenyewe limo kichwani mwa mchezaji: anatulia, anakosea, kisha anaona uhusiano ambao dakika iliyopita hakuuona. Kufikiri hakuchoreki. Ukichora mtu aliyeshika kidevu, umechora uso wa mtu tu, na anayeutazama hana cha kufikiria. Kinachochoreka ni kitu kilichokwama, kilichopungua, au kilichokaa mahali kisipopaswa kukaa, kiasi kwamba jicho la mtazamaji linaanza kukitengeneza kabla yeye mwenyewe hajaamua kama anataka kucheza. Akifika hapo, ameshaanza kucheza, na kubofya ni kuendelea tu.

Michezo iliyojijengea jina inaonyesha jambo hili kwa njia zinazotofautiana. Baba Is You, uliotolewa mwaka 2019 na Arvi Teikari wa Finland, ni mchezo ambao kanuni zake zimeandikwa kwa maneno yanayosukumwa huku na huku. Ukilisogeza neno moja, sheria ya ulimwengu wote wa mchezo inabadilika. Michoro yake ni ya kawaida sana, mistari michache na rangi chache. Lakini jina lake ni mojawapo ya kanuni hizohizo, na jaladani limepangwa kwa herufi nene zinazofanana na vipande vya maneno vilivyomo ndani, pamoja na kile kiumbe cheupe ambacho mchezaji hukiongoza. Anayeliona jalada ameshaona kanuni moja ikifanya kazi. Monument Valley, wa kampuni ya ustwo ya London, mwaka 2014, ulipita njia nyingine: mtu mdogo aliyevaa nguo nyeupe yuko mbele ya majengo ambayo ngazi na njia zake haziwezi kuwepo duniani. Jicho linaifuata njia, linafika mahali pasipowezekana, linarudi kuanza upya. Mchezo mmoja hauna mandhari kabisa na mwingine umejaa majengo ya kupendeza, lakini kwenye majalada yote mawili kitu cha kwanza kinachokushika ni jambo linalotaka kutatuliwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Sema mchezo wako unaitwa Lango. Mchezaji anatakiwa kuwatoa zizini ng'ombe wa Kidatoga wanaopelekwa kulamba chumvi kandokando ya Ziwa Balangida, na kila ng'ombe anaweza kwenda mbele au kurudi nyuma tu, hageuki. Jalada la kwanza litakalokujia akilini nalijua, kwa sababu ndilo linalomjia kila mtu: Mlima Hanang na mita zake 3,420 hivi, jua likizama ubavuni mwake, ziwa likimetameta, mchungaji na fimbo yake, ng'ombe ishirini, na jina kwa herufi za dhahabu zenye kivuli. Likiwa limejaa kwenye skrini ya kompyuta, linapendeza. Lipunguze mpaka pikseli 120. Mlima umekuwa pembetatu ya kijivu, ng'ombe wamekuwa vumbi, mchungaji hayupo, jina limekuwa doa. Kilichobaki kingeweza kutangaza kahawa, bima au safari ya watalii. Sasa panda juu, ulitazame zizi kama ndege anavyoliona. Duara moja jeusi la uzio wa miiba juu ya udongo wa rangi moja. Lango moja. Ng'ombe wanne weupe wameelekea langoni, na mbele yao ng'ombe mmoja mwekundu amejikingamisha, kichwa huku na mkia kule. Usiongeze kitu. Mtu wa Basotu atalitambua tukio kwa sababu analijua tangu utotoni. Mtu wa Oslo hajawahi kuona zizi la miiba, lakini anaona njia moja, mwili mmoja ulioiziba na wengine wanaongoja. Wote wawili watajikuta wanawaza namna ya kumtoa yule mwekundu.

Kwamba kitu kimoja kikubwa hushinda vingi vidogo, ushahidi wake tunao nchini. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora na kuuza picha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya mraba vya ubao mwembamba na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na wateja wake wengi walikuwa wapita njia wa Oyster Bay. Mnyama mmoja hujaza mraba, ukingo wake ni mkali, na nyuma yake kuna rangi tupu au karibu tupu. Alifariki mwaka 1972 baada ya miaka michache tu ya kazi hiyo, na mpaka leo mtindo wake unatambulika kutoka ng'ambo ya barabara. Ninakusihi usimchukue twiga wake wala chui wake, kwa sababu sura hizo zimekuwa alama ya duka la zawadi za watalii, na mtazamaji atadhani anauziwa kinyago. Chukua mpangilio: mraba, mwili mmoja, ukingo mkali, uwanja mtupu. Aikoni ya Google Play nayo ni mraba, na mteja wake naye ni mpita njia.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: mchezo uliotoka Manyara utatambulikaje usipoionyesha Manyara? Michezo ya mafumbo ni mingi mno, na kinachokutofautisha ni kwenu. Wanaosema hivi wana mfano mkubwa mkononi. Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984, uliuzwa Marekani na kampuni ya Spectrum HoloByte mwaka 1988 ukiwa umevikwa Urusi mwili mzima, boksi jekundu na kuba za Moscow, na ukapata umaarufu wa kipekee. Basi mandhari huuza? Hesabu vizuri mazingira ya wakati ule. Mchezo kutoka Umoja wa Kisovieti kuingia maduka ya Marekani ulikuwa habari peke yake. Kuba zile zilibeba habari hiyo. Na umaarufu mkubwa zaidi ulikuja mwaka 1989, Tetris ulipowekwa ndani ya boksi moja na mashine ya Game Boy, hivyo mamilioni ya watu waliupata bila jalada lake kuwashawishi. Jua linalozama nyuma ya mgunga halina habari yoyote. Limetumika kwenye vitabu, kwenye chupa, kwenye mabasi na kwenye mabango ya mahoteli mpaka limeacha kusema ni wapi; linasema Afrika kwa ujumla, na Afrika kwa ujumla haina Mbulu wala Hanang ndani yake. Kwenye jalada la Lango kwenu hakukutoweka. Kumo kwenye nundu ya yule ng'ombe, kwenye pembe zake, kwenye uzio wa miiba ambao mchoraji wa mbali angeuchora kwa mbao. Kitu kinachofanya kazi ndani ya fumbo kinabeba mahali kwa uaminifu kuliko mlima uliowekwa nyuma kama pazia.

Kuhusu mlima wenyewe, kuna sababu nyingine ya kuutazama mara mbili kabla ya kuuchora. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Mlima Hanang baada ya mvua kubwa, vikapita Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mchezo wa mafumbo wenye mawe yanayoviringika, ukiwekewa umbo la mlima huo jaladani, utamfikia mtu aliyezika ndugu. Mchezaji wa Ulaya hatajua. Jirani yako atajua, na jirani ndiye mteja wa kwanza. Tahadhari kama hiyo inawahusu Wahadzabe wa Bonde la Yaeda. Picha ya Mhadzabe na upinde wake imeshauzwa na watu wengi ambao hawakumrudishia chochote, na watu walioihangaikia ardhi yao mpaka wakapata hati ya kimila mwaka 2011 wanaijua tofauti kati ya kuombwa na kuchukuliwa. Kama mchezo wako unatokana na utamaduni wao, nenda kijijini, zungumza na wazee, kubalianeni. Utagundua pia kwamba kanuni ya swali inakuondoa kwenye tatizo. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kufanya utafiti kati yao miaka ya 1950, alieleza kamari yao ya mishale inayochezwa kwa kurusha visahani vya gome la mti na kuangalia vimeangukia upande gani. Visahani vichache juu ya vumbi, kimoja kikiwa kimegeuka tofauti na vingine, ni jalada linalouliza. Uso wa mtu usiojua kwamba uko kwenye duka la mtandaoni si swali, ni mali ya mwenyewe. Hali kadhalika michoro ya shanga kwenye sketi za ngozi za kina mama wa Kiiraqw, ambayo ni hazina kwa mtunzi wa mafumbo ya ruwaza: shanga moja iliyokosekana kwenye mstari inatosha kuwa jalada. Lakini sketi hizo zina uhusiano na mambo ya unyago, kwa hiyo waulize wanaozijua ni ruwaza zipi ziachwe zilipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazigusa pia sanaa za jadi, na ofisi ya COSOTA ndiyo ya kuanzia kuuliza kabla hujaanza kuuza.

Wengine watasema kwamba kuonyesha swali jaladani ni kulitoboa fumbo kabla ya kununuliwa. Hofu hii inachanganya swali na jibu. Anayetega kitendawili hulitaja jambo waziwazi, mbele ya wote, na mvuto wake wote unatokana na uwazi huo. Anachokificha ni kitu kimoja. Chagua fumbo la hatua ya pili au ya tatu, ambalo mtazamaji makini angeweza kulitatua kwa kutazama tu, na usionyeshe lilivyotatuliwa. Fumbo la mwisho, lile unalojivunia, lina vipande vingi mno kueleweka kwenye aikoni hata kama ungependa kuliweka. Na ikiwa mchezo wako ni wa namba au maumbo matupu, usikimbilie kuubandikia mhusika asiyekuwemo. Watunzi wa Threes, mchezo wa kuunganisha namba wa mwaka 2014, waliziwekea karata zao nyuso na tabia ndani ya mchezo wenyewe, ndipo namba zikaweza kusimama mbele ya watu. Kama vipande vyako havichoreki, huenda tatizo haliko kwenye jalada, na ni afadhali kulijua mapema.

Kuna wanaoamini kwamba jalada la uongo huuza zaidi, na hawajalitoa hewani. Kwa miaka kadhaa matangazo ya michezo ya Homescapes na Gardenscapes yalionyesha mafumbo ya kuvuta pini ili kuokoa mtu, ilhali sehemu kubwa ya michezo hiyo ni kupanga vitu vitatu vya aina moja. Mwaka 2020 mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza, ASA, iliyapiga marufuku matangazo mawili ya aina hiyo kwa kupotosha. Hata hivyo kampuni yenye fedha za kununua watazamaji kila siku inaweza kupoteza tisa na kubaki na mmoja. Wewe huwezi. Kwenye Steam mnunuzi anaweza kudai fedha zake ndani ya siku 14 kama amecheza chini ya saa mbili, na mchezo mfupi wa mafumbo unaishi karibu wote ndani ya saa hizo mbili. Aliyedanganywa na jalada atarudisha, ataandika kwa hasira, na maandishi yake yatasomwa chini ya jina lako muda mrefu baada ya wewe kubadilisha picha.

Kazi yenyewe ianze kwenye kipimo kidogo kabisa. Wengi huchora picha kubwa kisha wakaipunguza, na njia hiyo humlazimisha mtu kutupa alichokipenda. Fungua turubai ya pikseli 120 kwa 45, au 48 kwa 48 kwa ajili ya aikoni, chora kwa rangi mbili au tatu, na usiikuze mpaka swali lisomeke hapo. Ukiridhika, panua. Steam itakudai maumbo mengi, ya kulala na ya kusimama, na lile la maktaba ni pikseli 600 kwa 900, huku itch.io ikipendekeza 630 kwa 500. Google Play inataka pia picha ya bango ya 1024 kwa 500. Usiivute picha moja ikajaa maumbo yote. Mpangilio wa Lango, kwa mfano, unakaa vizuri kwenye mraba. Kwenye umbo refu la kulala zizi zima halienei, kwa hiyo kata ubaki na lango, kichwa cha mwekundu na pua za wawili wanaongoja. Pembe za aikoni ziache zimejaa rangi, maana Google Play huzikata yenyewe ziwe mviringo, na kwenye bango usiweke kitu muhimu katikati kabisa kama una video, kwa sababu alama ya kuichezesha itakaa juu yake.

Rangi zipimwe kwanza kwa kuziondoa. Igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama ng'ombe mwekundu amezama ndani ya udongo mwekundu, tofauti uliyoitegemea ilikuwa ya rangi peke yake, na haitoshi. Mteja wako mmoja ana simu ya Itel au Tecno yenye mwanga mdogo, amesimama juani siku ya mnada, na mwingine yuko chumbani Berlin mbele ya skrini pana. Tofauti ya mwanga na giza inawafikia wote. Kumbuka pia kwamba kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya karibu mmoja katika kila 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Ng'ombe mwekundu juu ya majani mabichi, ambaye kwako anapiga kelele, kwa mtu huyo ni kahawia juu ya kahawia. Mfanye mwekundu wako awe mweusi zaidi, au uwanja uwe mkavu na mweupe kama kingo za Balangida wakati wa kiangazi, na tatizo limekwisha.

Jina liwe fupi kama unaweza, na hapa sina huruma. Lango lina herufi tano na linasomeka kwenye pikseli 120. Jina la maneno manne halisomeki hata likiandikwa na fundi bora wa herufi. Kwenye Google Play jina zima halivuki herufi 30. Fikiria pia mtu anavyolitafuta: wengi huandika ng'ombe bila ule mkato wa juu, na jina la Kiiraqw lenye qw, hh au tl linavutia likionekana lakini mgeni hajui aliandike vipi akitaka kumwambia rafiki. Kama jina la namna hiyo ni la lazima kwako, liweke, na lirudie kwenye maelezo kwa tahajia ambazo watu watazikosea. Usiandike jambo jingine juu ya jalada. Tangu Septemba 2022 Steam hairuhusu majalada kubeba alama za wakosoaji, majina ya tuzo wala maneno ya punguzo, ila mchoro, jina na kichwa kidogo rasmi cha mchezo. Google Play nayo inakataza aikoni zenye kudai ubora, bei au kumsihi mtu apakue. Maduka hayo mawili yamefika kwa njia ya kanuni mahali ambapo macho yangekufikisha kwa njia ya uzoefu.

Fedha ni pingamizi la kweli katika wilaya hizi na halijibiwi kwa kupuuzwa. Steam hutoza dola 100 kwa kila mchezo, Google Play dola 25 mara moja, na itch.io haitozi kitu. Baada ya hapo mtu anauliza mchoraji atalipwa na nini. Jalada linalouliza swali ni rahisi kuliko la mandhari, kwa kuwa lina vitu vichache, na mengi kati yake yanachorwa kwa maumbo ya kawaida katika programu za bure kama Inkscape au Krita. Kama unazo fedha za siku moja tu za mchoraji, mletee mchoro wako wa pikseli 120 uliokwisha kufanya kazi, na mlipe aufanye uwe mzuri; usimlipe akubunie swali la mchezo ambao hajaucheza. Kuhusu akili mnemba, tangu Januari 2024 Steam inamtaka mtunzi atangaze kama ameitumia, na wapo wachezaji wanaoupita mchezo wakiona tangazo hilo. Mimi nina sababu iliyo karibu zaidi. Mashine hizo zimelishwa picha za Afrika zilizopigwa na wageni, na ukiiomba zizi la Kidatoga itakupa mgunga, machweo na uzio wa mbao. Utatumia siku kuirekebisha irudi kwenu.

Kulijaribu jalada kuna njia moja ambayo eneo lenu linaiwezesha kuliko maeneo mengi. Mbulu na Hanang ni sehemu ya ukanda wa nadra barani ambapo lugha za asili nne tofauti zinaishi bega kwa bega: Kiiraqw cha Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, lugha za Kibantu kama Kinyiramba, na Kihadza chenye vidoko, ambacho hakijathibitishwa kuwa na ndugu. Picha inayoeleweka bila maneno na watu wa lugha zote hizo siku ya mnada wa Katesh au Haydom itaeleweka popote. Weka jalada lako kwenye simu katikati ya majalada sita ya michezo mingine ya mafumbo, kwa udogo wake halisi, lionyeshe kwa muda wa kuhesabu mbili, kisha ifiche simu. Usiulize kama ni zuri. Mtu mwenye adabu zake atasema zuri, na mzee uliyemwamkia vizuri atasema zuri sana, nawe utarudi nyumbani bila kujua lolote. Uliza umeona nini, na kama angepewa kitu kile afanyeje. Akisema ng'ombe mmoja amewazibia wenzake, amtoe kwanza huyo, kazi imekwisha. Akisema ameona ng'ombe, bado. Akisema ameona mlima, rudi kwenye turubai ndogo. Majibu ya watu kumi wa rika tofauti yanakufaa kuliko majaribio ya kulinganisha picha mbili ambayo Google Play huwapa watunzi, maana majaribio hayo yanahitaji wageni wengi ndipo tofauti yake iaminike, na mchezo mpya hauna wageni wengi.

Mchezo ukishatoka, takwimu za duka zitakuambia mambo mawili tofauti, na usiyachanganye. Watu wengi wakipita bila kufungua ukurasa wako, swali halionekani: rudia mwanga, ukubwa wa kitu kikuu, na idadi ya vitu. Wengi wakifungua na kupakua, kisha wakaufuta siku hiyohiyo, swali limeonekana lakini siyo la mchezo huu. Huenda jalada linaonyesha ng'ombe anayegeuka wakati ndani hageuki. Rekebisha kosa moja kwa wakati, uache wiki chache zipite, na kila toleo la zamani la faili likiwa na tabaka zake lihifadhi mahali pawili. Google Play inakubali picha tofauti kwa kila lugha ya ukurasa, Kiswahili kikiwemo, kwa hiyo ukiona wa nyumbani wanalielewa jalada moja na wa nje jingine, huna haja ya kuchagua.